Sufuria ya Susu na Chupa ya Nunguni

Julai ya Kilungu ni ukungu na kikohozi. Nililelewa huko na susu, yaani bibi yangu, na harufu ya mkaratusi niliizoea kabla sijazoea ya chai.

1. Chagua jani changa. Susu hakuhangaika na matawi ya juu. Alivunja machipukizi ya kisikini, yale ya majani ya duara, kijivu-samawati, kama yamenyunyiziwa unga. Aliyachemsha, akaepua, akangoja mvuke upungue ukali, ndipo akanifunika blanketi. Pua ilizibuka, machozi yakanitiririka. Kisha marufuku kutoka nje hadi asubuhi, eti upepo utaniingia. Hilo la upepo sijalielewa hadi leo, ila usingizi wa usiku huo ulikuwa mtamu.

2. Mafuta si majani. Mafuta ya chupa ndogo niliyonunua sokoni Nunguni nilijipaka kifuani bila kuchanganya na kitu. Ngozi iliwaka moto, ikawa nyekundu kama nyanya. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sineoli, na mtoto akinywa hata kijiko kimoja cha chai anaweza kupatwa na degedege. Siku hizi natia matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, na chupa inakaa juu kabisa ya kabati. Mtoto mdogo simpaki. Wala simfukizi: sufuria ikipinduka ndani ya blanketi, hana pa kukimbilia.

3. Nilidhani ni dawa ya mababu. Kumbe mti wenyewe asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe garimoshi la Reli ya Uganda.

4. Harufu haizuii malaria. Wazee wetu walisema mbu hakaribii penye mkaratusi, na hata watawa wa monasteri ya Tre Fontane, Roma, walipanda mikaratusi karne ya 19 wakiamini itazuia malaria. Kama ilisaidia, ni kwa kunywa maji ya kinamasi. Mimi nalala ndani ya neti. Kiu hiyo ya mikaratusi ndiyo iliyomfanya John Michuki, akiwa waziri wa mazingira mwaka 2009, aagize ile ya kando ya mito na chemchemi ing'olewe. Yetu mitatu ilikuwa kando ya kijito, tukaiangusha.

Visiki vimechipua tena. Hapo ndipo ninapovunja majani.