Kujenga Tena Baada ya Upepo na Maji
Somo kwa sharika na wainjilisti wa Nachingwea na Ruangwa

Neno letu la mwezi huu ni nyumba ya jirani iliyoharibika. Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa haipiti miaka mingi pasipo kusikiwa habari ya paa lililoezuliwa na upepo, au kiambaza kilichoanguka kwa kulowana. Siku ya kwanza watu huja wengi. Husema pole, huleta unga na mkeka. Siku ya kumi huja wachache. Miezi mitatu ikiisha, mwenye nyumba yu peke yake, na mvua nyingine iko njiani. Basi somo hili lahusu siku hizo za upweke: jinsi watu wa mahali wenyewe wanavyoweza kuziinua nyumba zilizoanguka, kwa utaratibu na kwa haki.

1. Mambo yaliyoipata nchi yetu

Tuanze kwa kukumbuka, maana asahauye hujenga vile vile. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, tufani iliipiga Unguja, ikaangusha nyumba na minazi na sehemu kubwa ya mikarafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe 15 Aprili 1952, tufani nyingine iliuangukia mji wa Lindi. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba nyingi zikabomoka. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilielekea pwani yetu. Watu wa Mtwara na Lindi walionywa, lakini ikapiga upande wa Msumbiji, katika Cabo Delgado. Mwanzoni mwa Mei 2024 ikaja Hidaya, ikafika karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga. Tena mwishoni mwa Januari 2020, pasipo tufani, mafuriko yaliupiga mkoa wa Lindi, hasa Kilwa, yakaua watu zaidi ya kumi na kuwaacha maelfu bila makao.

Katika habari hizi tupate mafunzo mawili. La kwanza: tufani zote nne zilitokea Aprili au Mei, mwisho wa masika. Wakati huo watu hudhani hatari imepita, kumbe udongo umekwisha kunywa maji, viambaza vimelegea, na nguzo zimelainika shimoni. Upepo ambao nyumba ingeustahimili mwezi wa Desemba huweza kuiangusha mwezi wa Aprili. La pili: njia ikikatika Somanga, magari ya msaada hayafiki upesi. Nachingwea na Ruangwa ziko bara, nyuma ya Lindi, na kaskazini yake upo mto Mbwemkuru. Kwa hiyo mikono itakayofika kwanza ni ile iliyopo kijijini.

2. Nguvu ya mbali na nguvu ya karibu

Hatusemi kwamba msaada wa mbali haufai. Watu wenye njaa na wanashukuru kwa kila gunia. Lakini nchi ya Nachingwea ina ukumbusho wake katika shauri hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo ililetwa, reli ikajengwa toka pwani, na fedha zilizopotea zilipita paundi milioni 30. Kufikia mwaka 1951 kazi hiyo iliachwa, maana mavuno yalikuwa haba kuliko yaliyotazamiwa. Na hata reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Waliopanga walikuwa na mali na bidii. Walilokosa ni kuijua ardhi na mvua, na kuijaribu kidogo kwanza kabla ya kufanya makubwa.

Kadhalika na nyumba. Mgeni anaweza kuleta bati 20, lakini hajui ni upande gani upepo huvuma juu ya kilima kile, wala ni mti gani usioliwa na mchwa, wala ni mama gani asiye na mtoto wa kumpandia paani. Mambo hayo yajulikana na wazee, mafundi na jirani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hata kijiji. Basi usharika usianzishe kamati ya kushindana na ile ya kijiji. Wazee wa kanisa na waende kwa mwenyekiti wa kijiji, wakaulize: Je, kamati yetu iko? Ilikutana lini? Kama imelala, waiamshe kwa heshima.

3. Utaratibu wa Nehemia

Watu wa kanisa wanayo habari ya kale ya kazi ya namna hii, katika Kitabu cha Nehemia. Someni mlango wa 2 hata wa 6, mkiangalia mambo manne.

Kwanza, Nehemia hakusema neno lo lote mpaka alipozunguka usiku na kuutazama ukuta uliobomoka. Kuhesabu hutangulia kunena.

Pili, kazi iligawanywa vipande vipande, na wengi walijenga mahali palipoelekea nyumba zao wenyewe. Mtu hawi mvivu katika ukuta unaolinda mlango wake.

Tatu, waliojenga hawakuwa waashi tu. Walikuwamo makuhani, mafundi wa dhahabu, watengenezaji wa manukato, na Shalumu pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa walikataa kutia shingo zao kazini. Lakini watu wao wa kawaida walimaliza kipande chao, kisha wakajenga na cha pili.

Nne, katika mlango wa 5 kazi ilikaribia kuharibika, si kwa adui wa nje, bali kwa madeni. Maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, nao waliowakopesha ni ndugu zao. Nehemia aliona kwamba ukuta hausimami juu ya watu wanaonyonywa; akawaamuru wakopeshaji warudishe walichotwaa. Ukuta ulikwisha kwa siku 52.

Jambo hili la nne latugusa sana kusini. Mtu aliyeezuliwa paa huhitaji fedha leo, na korosho zake zingali mtini. Hapo huja mlanguzi wa kangomba, akazinunua kwa bei ndogo kabla ya msimu. Paa hupatikana, lakini mavuno ya mwaka mzima yamekwenda, na mwaka ufuatao mtu huyo ni maskini kuliko alivyomwacha upepo. Basi kumtengenezea jirani nyumba upesi ni kumwokoa pia na deni hilo.

4. Nani atangulie?

Hapa ndipo upendano wa kijiji hujaribiwa. Bati zikiwa 40 na nyumba zilizoezuliwa 9, orodha itaandikwa, na kila jicho litaitazama. Orodha ikiandikwa chumbani, hata ikiwa ya haki, haitaaminiwa. Kwa hiyo isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, nyumba kwa nyumba, na sababu yake itajwe. Atangulie asiye na nguvu ya kujenga wala jamaa wa kumjengea: mjane, mzee aliyeachiwa wajukuu, mgonjwa, kilema. Kisha wenye watoto wadogo. Kisha wengine. Mwenye nguvu asiondolewe. Yeye apewe vifaa, ajenge mwenyewe.

Tena mpangaji asisahauliwe. Katika miji ya Nachingwea na Ruangwa wako wengi wakaao katika nyumba za kupanga. Kabla ya kuitengeneza nyumba ya namna hiyo, mwenye nyumba na akubali mbele ya mashahidi kwamba hatampandishia kodi wala kumfukuza mpangaji kwa sababu ya bati alilopewa bure.

Na la mwisho katika hili: watu wengi wa Lindi ni Waislamu, na Wakristo wa huku ni wa makanisa mbalimbali. Mkilitengeneza paa la Mlutheri mkaliruka la jirani yake aliye katika hali mbaya zaidi, mtakuwa mmejenga nyumba moja na kubomoa kijiji. Shida haiulizi dini. Wala orodha isiiulize.

5. Kazi ya paa na kiambaza

Si vema kurudisha nyumba jinsi ilivyokuwa, ikiwa jinsi hiyo ndiyo iliyoiangusha. Mafundi wa kijiji waelezwe haya, nao watayapima kwa ujuzi wao.

Upepo hauliangushi paa tu. Huliinua, kama unavyoliinua bawa la ndege. Kwa hiyo kila kiungo kifungwe: fito kwa kombamoyo, kombamoyo kwa mwamba, mwamba kwa nguzo, na nguzo ishike ardhini. Kiungo kimoja kikilegea, vingine vyote ni bure. Waya wa chuma uliozungushwa mara mbili huzidi msumari mmoja.

Paa lenye vipaa na visusi, yaani pande nne, hustahimili upepo kuliko la mgongo wa tembo lenye pande mbili. Upenu mpana hukinga kiambaza na mvua, lakini upepo huushika kwa urahisi. Basi paa la baraza lijengwe mbali na paa kubwa, ili likichukuliwa lisiende nalo jingine. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Na misumari iwekwe karibu karibu penye kingo na mgongoni, maana huko ndiko kung'oka huanzia.

Kiambaza cha udongo hufa kwa miguu. Kikisimama juu ya msingi wa mawe ulioinuka hata goti, na mchirizi ukichimbwa kuzunguka nyumba, kitaishi miaka mingi. Nguzo za miti ziunguzwe kidogo upande wa chini kabla ya kuchimbiwa, ili mchwa na uozo vichelewe.

6. Majira ya kazi na fedha zake

Mkulima hapandi wakati apendao, wala mjenzi vivyo hivyo. Mara baada ya maafa, fanyeni kazi ya kukinga tu: turubai, kona moja isiyovuja, kukausha nafaka. Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, kabla ya moto wa msitu kuziteketeza. Miezi ya Juni hata Septemba ndiyo ya kupaua na kukandika, maana kiambaza hupata jua la kukauka. Tena wakati huo ufuta huuzwa, na fedha ziko mikononi. Korosho hufuata toka Oktoba. Wakulima wetu wamekwisha kuzoea kuuza pamoja kwa njia ya vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Waliozoea kupima magunia kwa pamoja hawashindwi kuweka akiba ndogo ya misumari na waya kwa pamoja, ikaandikwa katika daftari na kusomwa hadharani.

Kazi ya mikono iwe ya ujima: siku moja ya juma, nyumba moja, watu 10 au 12. Nao wasaidiwao wasiketi kama wageni. Hata bibi asiyeweza kuinua mti anaweza kuchagua nyasi au kuwasimulia watoto habari huku mama zao wakichota maji ya udongo. Apewaye bila kuulizwa neno huona haya. Ashirikiye kazi huinuka pamoja na nyumba yake.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa wazee

1. Ni nyumba zipi tatu kijijini kwetu zitakazoanguka kwanza upepo ukija? Nani anakaa humo?
2. Kamati ya maafa ya kijiji ina watu gani, nao walikutana lini?
3. Nani kati yetu ana ngazi, msumeno, koleo? Je, ataviazima?
4. Yuko jirani aliyeuza korosho zake mtini kwa sababu ya nyumba? Twaweza kumfanyia nini kabla ya msimu?
5. Nyumba iliyoanguka mwaka jana na haijasimama mpaka leo ni ya nani, na ni nini kilichotuzuia?

Wazee wasiondoke mkutanoni kabla ya kulijibu swali la tano kwa kutaja jina la mtu na siku ya kuanza kazi.