Meli imefika, mzigo bado

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa Kasongo. Wakala wangu wa Dar es Salaam aliniambia meli yenye kontena letu la vipuri vya kinga (baiskeli) imefika. Wiki zimepita, ananiambia bado iko nje. Ananidanganya?

JIBU: Si lazima, ndugu. Meli huhesabiwa imefika ikishatia nanga nje ya bandari, lakini kontena halishuki mpaka ipate gati. Watu wa bandari wanajua jambo moja: magati ya kontena yakiwa na meli zaidi ya asilimia 70 hivi ya muda wote, foleni haiongezeki polepole, inafumuka. Meli moja ikichelewa, zote za nyuma zinasukumwa. Na uwanja ukijaa makontena yanayongoja lori au behewa, winchi hazina pa kushushia, hata gati likiwa wazi. Mwaka 2023 foleni ya Dar ilikuwa gumzo. Oktoba mwaka huo Tanzania ilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya bandari ya DP World ya Dubai wa kuendesha magati namba 4 hadi 7 ya bandari hiyo.

Muulize wakala wako tarehe ya meli kufunga gatini, na siku ambazo kontena linakaa bandarini bila kulipiwa. Zikipita, gharama ni yako. Kisha usimwahidi mteja wako lolote kabla mzigo haujavuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie. Barabara ya kutoka Kalemie hadi kwenu unaijua kuliko mimi.