Mtambo wa Upepo wa Kujitengenezea: Namna ya Kuchagua Rezini na Gundi

Maeneo yaliyo kando ya Ziwa Victoria, katika Musoma na Bunda, hupata upepo uvumao mchana kutoka ziwani, na usiku upepo huo hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu. Katika Butiama, miinuko iliyo wazi nayo hupata upepo. Mtambo mdogo uliotengenezwa nyumbani waweza kuutumia upepo huo kuchaji betri ya taa na simu. Hata hivyo, mara nyingi fedha huishia kwenye sumaku, waya wa shaba na mnara, na gundi ikanunuliwa mwisho kwa kilichosalia. Somo hili laeleza kwa nini utaratibu huo ni wa hatari, na namna ya kuchagua gundi ifaayo kwa kila sehemu ya mtambo.

Nguvu inayovuta kila kiungo

Mfano ni mtambo wenye kipenyo cha meta 2.4 unaozunguka mara 300 kwa dakika. Ncha za mapanga yake hukata hewa kwa mwendo wa takriban kilometa 135 kwa saa. Kipande cha gramu 10 kilichobandikwa kwenye ncha huvutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 1.2. Upepo wa dhoruba ukiongeza mizunguko mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, ikakaribia kilo 5. Vivyo hivyo, sumaku ya gramu 100 iliyo sentimeta 15 kutoka katikati huvutwa kwa kilo 1.5, kisha kilo 6. Kitu kinachobanduka kwa mwendo huo huruka kama jiwe la kombeo, nacho hakichagui kati ya ukuta na mtoto aliye uani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: uzito wa sehemu inayozunguka ushikwe na bolti, na gundi iwe msaidizi. Kijana William Kamkwamba wa Malawi alipojenga mtambo wake mwaka 2002 hakuwa na rezini. Alitengeneza mapanga kwa mabomba ya plastiki aliyoyalainisha kwa moto, akayafunga kwa bolti, na vizibo vya chupa vilivyopondwa vikawa washa zake.

Aina tatu za rezini

Rezini ya poliesta ndiyo itumiwayo sana kwenye boti za faiba. Bei yake ni nafuu na hukauka upesi. Udhaifu wake ni kwamba husinyaa inapokauka, na haishiki vema chuma laini wala mbao.

Rezini ya vinilesta huvumilia maji na joto kuliko poliesta, lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Epoksi hushika mbao na chuma kwa nguvu na husinyaa kidogo sana. Ni ghali, na jua huiharibu. Mkoa wa Mara uko karibu na Ikweta na jua lake ni kali mwaka mzima. Hivyo epoksi iliyo nje sharti ipakwe rangi.

Kila sehemu na gundi yake

Mapanga ya mbao. Mbao iwe imekauka vizuri kabla ya kuungwa. Gundi nyeupe ya kawaida ya seremala hulainika ikilowa, kwa hiyo haifai kwa kiungo kitakachonyeshewa masika na vuli. Itumike epoksi, au gundi ya mbao iliyoandikwa kuwa haipitishi maji. Baadaye panga lote lipakwe rangi, hasa kwenye ncha na kwenye matundu ya bolti, ambako maji huingia kwanza.

Koili za waya wa shaba. Hizi huzamishwa ndani ya rezini na hupata joto mtambo unapofanya kazi. Vinilesta ndiyo bora. Poliesta yaweza kutumika katika mtambo mdogo usiozidishiwa mzigo.

Sumaku. Sumaku za neodimiamu huota kutu haraka maji yakipenya, na zile za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi joto 80. Rezini nyingi ikimwagwa kwa mkupuo mmoja hupata joto kali inapoganda. Kwa sababu hiyo imwagwe kidogo kidogo, ikichanganywa na poda ya talki ili kupunguza joto. Supa gluu yafaa kuishikilia sumaku mahali pake kabla ya kumwaga rezini, lakini peke yake haitoshi. Ukingo wa nje wa duara ufungwe kwa pete ya chuma kisichoshika kutu.

Kupima na kuchanganya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Poliesta huhitaji hadena gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za rezini. Siku ya joto kali mjenzi aanze na 1. Epoksi haina uhuru huo. Kipimo chake ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, na kuongeza hadena hakuharakishi kazi bali hudhoofisha kiungo.

Baadhi ya wauzaji hutoa poliesta ikiwa na chupa mbili, ya hadena na ya kiharakishi. Vimiminika hivyo viwili visikutanishwe kamwe moja kwa moja, kwani huweza kulipuka. Kiharakishi huchanganywa kwanza na rezini hadi kienee, ndipo hadena itiwe.

Kazi ifanyike mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa glovu na miwani. Hadena ya poliesta yaweza kupofusha. Ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na mhusika apelekwe kituo cha afya mara moja. Mabaki yasimwagwe ziwani wala mitaroni. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Jaribio kabla ya kupandisha mtambo

Vipande viwili vya mbao ileile viunganishwe kwa gundi iliyokusudiwa na kuachwa siku 7. Kisha vilowekwe majini siku moja, vikaushwe, na vivunjwe kwa nyundo. Mbao ikipasuka na kiungo kikabaki, gundi inafaa. Kiungo kikiachia kwanza, gundi hiyo isipande mnarani.

Mnara nao uwe mbali na nyumba, njia na nyaya za umeme, kwa umbali unaozidi urefu wake pamoja na panga. Kabla ya kuusimamisha, mwananchi amwone Mtendaji wa Kata kuhusu eneo na kibali. Kwa ushauri wa kiufundi, mafundi wa VETA na SIDO mkoani waonwe kabla ya kununua vifaa, wakati makosa bado hayajagharimu kitu.