Somo la Vikundi: Shule ya Kanisa na Mtoto wa Jirani

Somo la safari hii tumelielekeza kwa wazee wa kanisa, walimu, kina mama wa ushirika, na wazazi walio katika bodi za shule. Lakini hata wewe usiye na mtoto shuleni usiweke gazeti kando. Jambo hili linamgusa kila Mkristo anayeishi na majirani wasiosali pamoja naye, na Kenya hii ni nani asiye na jirani kama huyo?

Kabla ya kuendelea, fungueni Danieli 1 na Mathayo 22:15-22. Someni kwa sauti, polepole, watu wawili au watatu wakipokezana.

Swali la kwanza ni hili: shule yenye jina la kanisa ni ya nani?

Wengi hujibu mbio mbio, "Ni yetu, sisi ndio tuliojenga." Na kuna ukweli hapo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye kazi ya misheni na ya kufundisha kusoma ikaanza Rabai. Maseno ilianza 1906, Alliance 1926. Kwa Wagikuyu Mkristo aliitwa kwa jina lenye maana ya msomaji, maanake kanisa na kitabu viliingia kijijini kwa mlango mmoja. Wazee wetu walibeba mawe, wakauza kuku, wakafanya harambee. Hayo hayawezi kusahauliwa.

Lakini mambo yalibadilika. Baada ya uhuru, tume ya Ominde ilitoa ripoti yake 1964, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaiachia serikali usimamizi wa shule. Makanisa yakabaki wafadhili. Leo tuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo inampa mfadhili nafasi ya kuwakilishwa katika bodi, kutoa maoni juu ya mafunzo, na kutoa mashauri ya kiroho pamoja na kuweka kasisi wa shule bila gharama kwa serikali. Ila sheria hiyo hiyo inamtaka alinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Mwalimu analipwa na TSC, na hela za TSC ni kodi. Mama Muislamu anayenunua sukari dukani amelipa kodi hiyo sawa na mzee wa kanisa. Kwa hiyo shule ni yetu, ndiyo, na ni yake pia.

Kuna wenzetu wanaosema basi dini iondoke shuleni kabisa. Ziko nchi zilizoelekea huko. Ufaransa ilipitisha sheria 2004 ya kuwakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, iwe kitambaa cha kichwa, iwe msalaba mkubwa. Kenya haikuchagua njia hiyo. Katiba ya 2010 inamkiri Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, halafu ibara ya 8 inasema serikali haina dini yake, na ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Watoto wetu wanasomeshwa dini darasani: Kikristo, Kiislamu au Kihindu. Mimi naona tulichagua vema. Nchi ambayo watu wake huomba kabla ya kupanda mbegu, kabla ya mtihani na kabla ya kikao cha chifu, haiwezi kujifanya haina Mungu kengele ya shule ikilia.

Sasa tumtazame Danieli, kwa sababu tunapenda kumfundisha kwenye tundu la simba tukasahau kwamba kwanza alikuwa mwanafunzi. Mstari wa 4 na wa 5 unaonyesha kwamba alisoma shule ya serikali, tena ya wapagani, miaka mitatu, kwa lugha ya kigeni na vitabu vya kigeni. Alibadilishwa hata jina. Hayo yote aliyavumilia. Shida ilikuja kwenye chakula cha mfalme. Angalieni alivyofanya: hakugoma, hakuchoma bweni. Alimwendea mkubwa akaomba kwa adabu, akataka ajaribiwe siku kumi. Na msimamizi akakubali! Mtu yule hakumjua Mungu wa Israeli, na mkuu wake aliogopa kichwa chake kukatwa, lakini alimsikiliza kijana mgeni, akatafuta njia.

Hebu tujiulize. Tukisoma sura hii sisi hujiweka upande wa Danieli kila mara. Lakini katika shule ambayo kanisa ndilo mfadhili, sisi si Danieli. Sisi ndio wenye meza ya mfalme. Danieli ni yule mtoto anayekuja ofisini kuomba asile kitu fulani, au afunike kichwa, au asifanye mtihani siku yake ya ibada.

Mfano wa kweli ni kesi ya shule ya St. Paul's Kiwanjani kule Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 naibu wa gavana aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu. Kanisa lilienda kortini likisema sare ni moja kwa wote, na kuwaruhusu wengine mavazi tofauti ni kuwabagua waliobaki. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza, ikasema kumtendea kila mtu sawasawa bila kujali imani yake kunaweza kuwa ndiko kumbagua. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiweka kando hukumu hiyo, kwa sababu ombi la hijabu halikuwa limeletwa mbele ya korti kwa utaratibu unaofaa. Kwa hiyo kanisa lilishinda, lakini swali lenyewe halikujibiwa hadi mwisho. Korti ilitueleza njia ya kuleta kesi. Haikutueleza namna ya kumpenda jirani, na hiyo si kazi yake.

Mwaka 2017 zamu ilikuwa ya Wakristo. Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi Waadventista wa Sabato wasilazimishwe masomo siku ya Jumamosi. Wengi tulifurahi. Sasa, ukifurahia ile ya Sabato na kuchukia ile ya hijabu, tafuta sababu yako mbele ya Mathayo 7:12 uone kama itasimama.

Wengine watasema, "Tukilegeza hapa tutamezwa." Hofu hii si ya kuchekwa, hasa kwa ndugu zetu wa kaskazini waliopoteza watu. Walimu Wakristo waliotumwa Mandera na Wajir wanajua maana ya kuwa wachache. Lakini kumbukeni pia Desemba 2015, basi lililosimamishwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mmoja wao, Salah Farah, alikuwa mwalimu. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafa hospitalini. Hakuuliza kwanza ikiwa shule zetu zinawaruhusu binti za dini yake kujifunika.

Tunayo pia historia yetu ya kutukanya. Mwaka 1929, misheni kadhaa za Gikuyu, zikiwemo za Waskoti na AIM, ziliwataka waumini na walimu watie sahihi au kidole kwamba wameacha tohara ya wasichana. Kuhusu madhara ya jambo lenyewe misheni hazikukosea. Leo hata sheria ya Kenya, tangu 2011, inalikataza. Lakini walitumia mlango wa shule kama rungu. Asiyetia kidole alipoteza kazi, na watoto wakakosa masomo. Matokeo yake? Watu walitoka kwa wingi, wakajenga shule zao za KISA na Karing'a, na kwa wengi tohara ikawa bendera ya kupinga mzungu. Nyingi za shule hizo zilifungwa na mkoloni wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Jambo jema lilirudishwa nyuma miaka mingi kwa sababu ya njia iliyotumika.

Siku hizi rungu hilo lina sura nyingine. Mmesoma magazetini jinsi waumini wanavyofunga lango la shule kwa kufuli, eti mwalimu mkuu aliyetumwa na TSC si wa dhehebu letu. Watoto wanarudi nyumbani, wiki inapotea. Kama mwalimu huyo ni mwizi, tumshtaki kwa wizi. Kama kosa lake ni kubatizwa mahali pengine, tumwache afundishe.

Na ile nafasi tuliyopewa tunaitumiaje? Ratiba ina kipindi cha mafundisho ya kichungaji kila juma. Katika shule nyingi pasta hafiki, au anafika bila kujitayarisha, akitumia nusu saa kusema vibaya dini za wengine. Tunapigania lango halafu tunaliacha darasa wazi!

Juu ya siasa nitasema machache. Mwaka 1988 baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga kura ya mlolongo, na sauti yao ilikuwa na uzito kwa kuwa hawakuwa na deni kwa mkubwa. Septemba 2021 Waanglikana, na wengine pia, walikataza wanasiasa kuhutubia mimbarini. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa rais. Someni 1 Wafalme 21 mwone kama Elia angeweza kumwendea Ahabu akiwa amepokea mabati yake. Tena, serikali nayo ina haki ya kutuuliza maswali. Huko Shakahola mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, baada ya watu kuambiwa wafunge hadi kufa. Mhubiri anayemkataza mtoto shule au hospitali asijifiche nyuma ya uhuru wa kuabudu.

Turudi Mathayo 22. Yesu aliuliza sura ya nani iko kwenye sarafu. Yenye sura ya Kaisari, apewe Kaisari. Sasa mtoto aliyesimama paredi ana sura ya nani? Mwanzo 1:27 inajibu, na haisemi "mtoto wa Mkristo" peke yake.

Maswali ya kujadili

Msichana Muislamu amechaguliwa kuja shule ya upili ambayo kanisa lenu ni mfadhili. Baba yake anaomba ajifunike kichwa na asilazimishwe kwenda ibada ya Jumapili. Ninyi ndio bodi. Mtamjibu nini, na mwanafunzi huyo atakuwa wapi, chini ya nani, wakati wenzake wako kanisani?

Katika shule iliyo karibu nanyi, ni nani anayefundisha kipindi cha kichungaji? Mara ya mwisho alifika lini? Mtumeni mtu mmoja akamuulize mwalimu mkuu, alete jibu mkutano ujao.