Kutoka Sigalagala hadi Kasarani: Mashindano ya Kimataifa ya Michezo kama Miviga

Ikisiri

Makala hii inayatazama mashindano ya kimataifa yanayojumuisha michezo mingi kwa jicho la fasihi simulizi. Hoja yetu kuu ni kwamba mashindano ya aina hii ni miviga: yana watendaji, hadhira, mahali maalum, maleba, kiapo na utaratibu unaojulikana. Tunaanzia kwa vita vya fahali na ngoma ya isukuti katika eneo la Ikolomani, kisha tunaangalia Michezo ya Olimpiki, Michezo ya Afrika na michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Mwishoni tunajadili swali la lugha: mshiriki anaapa kwa lugha gani, na hadhira inaalikwa kwa lugha gani?

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba miviga ni sherehe za kitamaduni zinazofanywa na jamii katika kipindi maalum cha mwaka au cha maisha ya mwanadamu. Mifano inayotolewa darasani ni ile ile: jando na unyago, arusi, mazishi, matambiko na kutawazwa kwa viongozi. Ni nadra michezo kutajwa katika orodha hiyo. Inapotajwa, huwekwa kando kama burudani tu, jambo la kupitishia wakati.

Mgawanyo huo una kasoro. Mnamo Agosti 2025 Kaunti ya Kakamega ilikuwa mwenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, inayosimamiwa na shirikisho la vyama vya michezo vya shule linalojulikana kwa kifupi kama FEASSSA. Michezo hiyo huhamahama: ilifanyika Gulu mwaka 2017, Musanze mwaka 2018, Arusha mwaka 2019 na Huye mwaka 2023. Vijana kutoka nchi mbalimbali hukusanyika, huandamana, husimama mbele ya bendera, hushindana, huvishwa medali na hatimaye kuagana. Anayeyajua maelezo ya miviga hawezi kukosa kuitambua sura yake hapa. Kwa hiyo tunauliza: je, tukiyasoma mashindano haya kama miviga, tutaona nini ambacho ripoti za magazeti hazitutajii?

2.0 Fahali, Isukuti na Mashindano ya Jadi

Sigalagala ni njia panda kusini mwa mji wa Kakamega, mahali ambapo barabara ya Butere inachepuka kutoka ile ya Kisumu. Wengi wanaifahamu kwa chuo chake cha kitaifa cha ufundi. Lakini hapa ni Ikolomani, nchi ya Waidakho, majirani na ndugu wa Waisukha, na jamii hizi mbili zina desturi ya mashindano iliyo kongwe kuliko uwanja wowote wa saruji nchini: vita vya fahali.

Vita hivi haviwi kati ya mtu na mnyama kama ilivyo Uhispania. Fahali hupambana na fahali mwenzake, na yule anayegeuza mgongo na kukimbia ndiye aliyeshindwa. Kabla ya pambano, fahali husindikizwa hadi uwanjani, kwa mfano ule wa Malinya, na umati unaoimba na kucheza. Ana jina lake, ana sifa zake, na nyuma yake kuna ukoo na kijiji kizima. Akishinda, ushindi si wa mwenyewe peke yake.

Ngoma inayomsindikiza ni isukuti. Mnamo 2014 UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zisizoshikika zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Jina lake linatokana na ngoma zenyewe, ambazo hupigwa tatu tatu: kubwa, ya kadiri na ndogo, zikiambatana na pembe ya paa na njuga za chuma. Huchezwa katika kuzaliwa kwa mtoto, jando, arusi, mazishi na, jambo linalotuhusu zaidi, katika michezo. Fanani hutangulia na wenzake huitikia.

Tunajifunza mambo matatu hapa. Kwanza, maandamano ni sehemu ya shindano, si kitangulizi chake. Pili, mshindani hubeba jina la jamii. Tatu, hakuna mpaka mkali kati ya mtendaji na hadhira: anayetazama pia huimba, huitikia na hushuhudia matokeo. Mambo haya matatu yatatusaidia kupima mashindano makubwa zaidi.

3.0 Olimpiki: Mila Zilizotungwa

Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilianza Athens mwaka 1896 kwa juhudi za Mfaransa Pierre de Coubertin. Mengi tunayoyadhania kuwa ya tangu jadi hayakuwako siku ile. Kiapo cha wachezaji kilitamkwa kwa mara ya kwanza Antwerp mwaka 1920 na Victor Boin wa Ubelgiji. Moto uliwashwa uwanjani kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1928. Mbio za kuupokezana mwenge kutoka Olympia zilianza mwaka 1936, michezo ilipofanyika Berlin chini ya utawala wa Wanazi, nao walizitumia kujitangaza kwa ulimwengu. Waamuzi waliongezewa kiapo chao mwaka 1972 na makocha mwaka 2012. Dawa za kusisimua misuli zilitajwa katika kiapo kuanzia Sydney mwaka 2000.

Historia hii ina funzo kwa mtafiti wa fasihi simulizi. Mviga haushuki kutoka mbinguni. Hutungwa na watu, hurekebishwa kadiri mahitaji yanavyobadilika, na baada ya muda huonekana kana kwamba ulikuwako daima. Afrika Mashariki yenyewe ina mfano mzuri. Mwenge wa Uhuru uliwekwa kwenye kilele cha Kilimanjaro usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, na hadi leo mbio zake huzunguka Tanzania kila mwaka. Mwenge wa Olympia hutangaza michezo. Mwenge wa Uhuru huzindua miradi na kubeba ujumbe wa taifa. Chombo kinafanana lakini maana imetungwa upya na wenyeji. Jumuiya ya Madola nayo ilibuni kijiti cha Malkia, kilichoanza kukimbizwa mwaka 1958 kwa ajili ya michezo ya Cardiff.

Ikiwa mila hizi zilitungwa, basi zinaweza kutungwa tena, na zinaweza kutungwa kwa lugha nyingine.

4.0 Michezo ya Afrika: Mwenye Mviga na Mwenyeji

Kila mviga una mwenyewe. Katika jando, wazee ndio wenye mamlaka. Mwenye boma hutoa mahali na chakula. Mashindano ya kimataifa yamepangwa vivyo hivyo. Kuna chombo kinachomiliki michezo, kuna kamati ya mji mwenyeji inayojenga na kulisha, kuna kamati za Olimpiki za mataifa zinazoteua na kuleta wachezaji, na kuna mashirikisho ya kila mchezo yanayolinda kanuni na kuleta waamuzi. Migogoro mingi ya mashindano haya huzuka pale ambapo wawili kati ya hawa wanadai kazi moja, au ambapo kazi moja haina anayeidai.

Michezo ya Afrika inadhihirisha jambo hilo. Ya kwanza ilifanyika Brazzaville mnamo Julai 1965. Ya pili ilipangiwa Bamako mwaka 1969 lakini mapinduzi ya kijeshi nchini Mali yakaizuia, na bara likangoja hadi Lagos mwaka 1973. Ikafuata Algiers mwaka 1978, kisha kimya cha miaka 9 mpaka Nairobi ilipoipokea mnamo Agosti 1987. Kwa muda mrefu mwenye mviga alikuwa Baraza Kuu la Michezo Barani Afrika, lililoundwa mwaka 1966 na kuwa na makao yake Yaoundé. Mwaka 2013 jukumu hilo lilihamia Umoja wa Afrika. Michezo ya 13, iliyopangiwa Accra mwaka 2023, ilifanyika Machi 2024.

Kwa Wakenya, 1987 ni mwaka wa Kasarani. Uwanja huo ulijengwa kwa msaada wa China, na taifa zima lilikusanyika ndani yake au pembeni mwa redio, likisikiliza Sauti ya Kenya. Harambee Stars ilifika fainali ya kandanda na kushindwa na Misri kwa bao 1 kwa bila. Hata hivyo, wazee wanaosimulia habari za mwaka ule huanza na fainali hiyo. Hii ni sifa ya masimulizi ya ushujaa: shujaa hukumbukwa kwa namna alivyopambana. Ndivyo ilivyo kwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na jeraha la goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Jina la Akhwari husimuliwa na watu wengi wasioweza kumtaja aliyepata dhahabu siku hiyo.

Aidha, kutokuwapo ni utendaji. Mwaka 1976 zaidi ya nchi 20 za Afrika, zikiwamo Kenya na Tanzania, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Filbert Bayi, aliyemshinda John Walker wa New Zealand na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Walker alitwaa dhahabu. Anayekataa kuhudhuria mviga wa jirani huwa ametoa tamko zito kuliko hotuba, lakini hulilipia. Bayi na wenzake walililipia kwa miaka yao bora ya ujana.

5.0 Kiapo na Lugha Yake

Katika miviga yetu ya jadi, kiapo hupata nguvu kutoka kwa mizimu, laana na macho ya jamii. Anayeapa anajua kitakachomfika akikivunja. Katika mashindano ya kisasa laana imechukuliwa na kipimo cha mkojo na damu, na mizimu imechukuliwa na kamati ya nidhamu. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli mwaka 2016 baada ya visa vingi vya wanariadha wake. Katika michezo ya shule, hofu kubwa huwa ni umri: mchezaji aliyekwisha kupita umri wa shule akivalishwa sare ya wanafunzi, basi kiapo kimevunjwa kabla ya kutamkwa.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiapo ni usemi unaotenda: kukitamka ndiko kujifunga. Je, anajifunga vipi kijana anayekariri maneno ambayo hayana uzito moyoni mwake? Olimpiki hutumia Kifaransa na Kiingereza pamoja na lugha ya nchi mwenyeji. Kanuni hiyo ya tatu inatupa mlango. Nchi mwenyeji ikiwa Kenya, Tanzania au Uganda, lugha ambayo mtoto wa Gulu, wa Huye, wa Arusha na wa Sigalagala wanaweza kukutana ndani yake bila mmoja kuwa mgeni kabisa ni Kiswahili.

Sera haipingi. Mkataba wa mwaka 1999 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliagiza Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Umoja wa Afrika, ambao ndio mwenye Michezo ya Afrika, ulikifanya lugha ya kazi mnamo Februari 2022. Kinachobaki ni utekelezaji, na utekelezaji huanzia kwenye kipaza sauti cha uwanja.

Kuna atakayepinga kwamba Kiswahili hakijazoeleka sawa katika nchi zote hizi, na kwamba kukilazimisha ni kubadilisha ugeni mmoja kwa mwingine. Pingamizi hili lina uzito, hasa tukiwakumbuka vijana wa kaskazini mwa Uganda na wa Burundi. Jibu letu ni kwamba hatupendekezi kuondoa lugha yoyote. Tunapendekeza Kiswahili kisikosekane. Isukuti huimbwa Kiluhya na bado mgeni huitikia, kwa sababu kiitikio ni kifupi naye amekaribishwa.

6.0 Tatizo la Istilahi

Lazima tukiri kwamba hata sisi wenye lugha hatujakubaliana. Mtanzania husema mpira wa wavu na mpira wa kikapu. Mkenya husema voliboli na basketiboli. Mwamuzi kwa mmoja ni refa kwa mwingine. Soka, kandanda, kabumbu na mpira wa miguu hugombea nafasi moja. Kwa upande wa riadha hali ni bora: mbio za kupokezana vijiti, kuruka viunzi, kurusha mkuki, kutupa tufe na kisahani vimeenea, kwa sababu watangazaji wa redio walivitumia miaka mingi.

Wingi wa visawe ni utajiri kwa mshairi lakini ni kikwazo kwa mshereheshaji anayewaita wachezaji 12 wafike langoni kabla ya dakika 5 kwisha. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, pamoja na BAKITA na vyama vya wanafunzi kama chetu, zinaweza kukusanya istilahi hizi, kuziweka bega kwa bega na kuwapa waandaaji kabla ya kila michezo. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu waliosoma Kiswahili na wanaoujua uwanja.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mashindano ya kimataifa ya michezo mingi yana sifa zote za miviga, na kwamba mila zake zilitungwa na zinaweza kutungwa upya. Tukiyapima kwa kigezo cha uwanja wa Malinya, upungufu wake unaonekana wazi: hadhira imekalishwa itazame, na isukuti mara nyingi hupewa dakika chache za kuwatumbuiza wageni kabla ya "shughuli yenyewe" kuanza. Kumbe katika desturi iliyoizaa, ngoma hiyo ilikuwa shughuli yenyewe.

Tunapendekeza mambo matatu. Kiapo cha michezo ya shule za Afrika Mashariki kiwe na matini sanifu ya Kiswahili, fupi na yenye mapigo ya kutamkika kwa pamoja. Orodha ya istilahi za michezo iandaliwe na ipitiwe kila mara mwenyeji anapobadilika. Tatu, watafiti wa fasihi simulizi waende viwanjani na vinasa sauti vyao wakati michezo inapoendelea, kwa maana nyimbo, majigambo na vijembe vya mashabiki hufa jioni ile ile visiporekodiwa. Uwanja wa utafiti uko karibu nasi kuliko tunavyodhani.