Kichwa cha uzito gani kwa .44 Magnum?

SWALI: Niko Texas, nimeanza kujijazia risasi za rivolva yangu ya .44 Magnum. Nichague vichwa vya risasi vya uzito gani?

JIBU: Anza na greni 240, takriban gramu 15.5. Ndio uzito uliozoeleka tangu miaka ya 1950, na unafaa kwa shabaha na kwa kulungu. Greni 180 huenda kasi zaidi, lakini hupenya kidogo. Greni 300 hupenya sana, ila teke lake ni kali na mara nyingi hupiga juu ya ulipolenga. Kichwa kizito hupunguza nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo, kwa hiyo fuata kipimo cha baruti cha kitabu cha kujazia risasi kwa kila uzito. Kaza mdomo wa ganda, la sivyo teke litachomoa vichwa vilivyobaki kwenye silinda.