Kitelugu: Lugha Iliyosingiziwa Mama

Muhula uliopita mwenzangu mmoja alisimama darasani akadai eti Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika. "Kitabu, saa, habari, si vyote ni vya Waarabu?" Darasa zima likacheka. Mimi nilikosa la kusema, nikakaa kimya nimefura. Jibu nimekuja kulipata mbali, kusini mwa India.

Huko, katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, husemwa Kitelugu. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu wasemaji wake zaidi ya milioni 80. Lugha hii imejaa maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya dini na elimu. Kwa hivyo wataalamu wengi wa zamani walishikilia kwamba Kisanskriti ndicho mama yake.

Mwaka wa 1816 Mwingereza mmoja aliyefanya kazi Madras, Francis Whyte Ellis, alipinga. Aliweka kando maneno ya kuazima, akachunguza mizizi iliyobaki. Hebu nasi tujaribu. Moja, mbili, tatu kwa Kisanskriti ni eka, dvi, tri. Kitelugu husema okati, rendu, mudu. Kitamili husema onru, irandu, munru. Jicho ni akshi kwa Kisanskriti, kannu kwa Kitelugu na kan kwa Kitamili. Je, nani ndugu wa nani hapo? Kitelugu ni cha jamii ya Kidravidi, pamoja na Kitamili, Kikannada na Kimalayalam.

Tena ni lugha kongwe. Jiwe la Kalamalla lilichongwa maandishi ya Kitelugu katika karne ya 6. Karne ya 11 mshairi Nannaya alianza kuutunga upya utenzi wa Mahabharata kwa Kitelugu. Tikkana na Errana wakaja kuumaliza. Nannaya aliazima Kisanskriti kwa wingi, lakini sarufi ilibaki ya kwao. Mgeni alikaribishwa sebuleni, nguzo za nyumba hazikung'olewa.

Sasa turudi nyumbani. Sita, saba na tisa tuliazima kwa Waarabu, ndiyo. Lakini moja, mbili, tatu, nne na tano ni za Kibantu. Hata hicho kitabu, Mwarabu akiwa navyo vingi husema kutub. Sisi tumekiingiza katika ngeli yetu ya KI-VI, tukasema vitabu!

Basi ndugu yangu uliyetuchekesha siku ile, kuazima si kuzaliwa. Nakungoja darasani.